Kadi ya Bima Haijui Kuogelea

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wengi wetu ambao hatumo kwenye kadi za wazazi tunalipa Sh 50,400 za bima ya afya, kisha tunaanza kulalamika. Foleni ndefu, kadi imechelewa, mtandao uko chini, umekwenda na homa umerudi na panadoli. Malalamiko mengine ni ya haki kabisa na serikali yetu ya wanafunzi iendelee kuyasemea. Ila sijamsikia hata mmoja wetu akilalamika kwamba zahanati ya chuo haifikiki. Unavaa ndala, unafunga mlango wa hosteli, dakika kumi umefika. Kwa hiyo mjadala wetu wa bima hapa chuoni ni mjadala wa kadi tu: nani anayo, nani hana, inalipia nini. Na naona mjadala huohuo umebebwa mzimamzima ukapelekwa nchi nzima, hadi sehemu ambako kadi ni tatizo la tatu au la nne.

Mimi ni mtoto wa Kilwa Masoko. Nikitaja Kilwa hapa chuoni, wenzangu wa historia wananitajia Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331, Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu, na kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Wa uchumi wananitajia gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kusukumwa kwenda Dar es Salaam mwaka 2004. Yote ni kweli. Lakini ukiwasikiliza unaweza kudhani visiwa vyetu vina mawe na mabomba tu. Vina watu. Vina wavuvi, vina akina mama wa mwani na wa pweza, vina wazee wenye presha, vina watoto wa darasa la kwanza, na vina walimu waliopangiwa huko na Serikali kama tutakavyopangiwa baadhi yetu tunaosoma ualimu.

Kilwa Kisiwani iko mbele ya Masoko kabisa. Ukisimama bandarini unaiona, na mashua inavuka mkondo kwa muda mfupi. Songo Mnara iko kusini zaidi, na safari yake ni ya upepo na maji. Songosongo iko nje, baharini kweli, na kusi ikikaza hata nahodha mzoefu anaitazama bahari kwanza kabla ya kukujibu. Kwa hiyo hata neno "kisiwani" halina bei moja.

Sasa tazama ngazi ya matibabu. Chini kabisa ipo zahanati, halafu kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya, ambayo kwa Kilwa iko Kinyonga, Kivinje. Juu yake ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, mjini Lindi, zaidi ya kilomita 150 kutoka njia panda ya Nangurukuru. Halafu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, na mwisho Muhimbili. Ngazi hii imepangwa vizuri kwenye karatasi. Kosa lake ni kwamba imechorwa kama vile kila daraja linakanyagwa kwa mguu.

Na tuseme ukweli kuhusu neno daktari. Kwetu pwani kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na ni heshima nzuri. Lakini kwenye zahanati unayemkuta ni tabibu na muuguzi, wakati mwingine muuguzi peke yake kwa sababu mwenzake amekwenda ng'ambo kufuata mshahara, dawa au semina. Siwadharau hata kidogo. Watu hawa wanazalisha usiku kwa mwanga wa tochi ya simu na asubuhi wanafungua dirisha kama kawaida. Nasema tu kwamba mtu wa kisiwani anaposikia "bima itakulipia daktari", daktari mwenyewe wa kumlipia hayupo upande wake wa maji.

Tuje kwenye kuchagua, maana ndilo swali ninaloulizwa kila nikirudi likizo, ati kwa kuwa nipo chuo basi najua. Kwa miaka hii kaya ya mvuvi imekuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni CHF iliyoboreshwa, ile ya tangu 2018: Sh 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu wasiozidi sita, unatibiwa vituo vya Serikali kuanzia zahanati na kupanda kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa. Ya pili ni NHIF. Mtumishi wa umma hachagui. Anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na kadi inamhudumia yeye, mwenza na wategemezi wanne. Asiye mtumishi aliletewa vifurushi Novemba 2019, Najali, Wekeza na Timiza, na cha chini kabisa kwa kijana mmoja kilianzia Sh 192,000 kwa mwaka. Ya tatu watu wengi hawaihesabu kama njia, nayo ni msamaha: kwa Sera ya Afya ya 2007, mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza hawatakiwi kulipishwa kwenye vituo vya umma.

Mtu akiniuliza, huwa naanza na hiyo ya tatu. Hesabu kwanza nani nyumbani tayari anastahili kutibiwa bila malipo, ndipo ujue unamkatia nani bima. Halafu nauliza kuna mgonjwa wa kudumu? Kama nyumba ina mtu wa sukari au presha anayehitaji kuonwa na bingwa mara kwa mara, kadi inayoishia mkoani itawachosha, na kama uwezo upo afadhali wajibane wapate kubwa. Kama nyumba ni ya malaria, vidonda vya miguu na watoto wanaokohoa, CHF inatosha kabisa, msiuze kuku kwa ajili ya kifurushi cha mjini. Halafu nauliza karatasi: vyeti vya kuzaliwa vya watoto vipo? Namba ya NIDA ipo? Maana cheti kikikosekana, kila karatasi ni safari yake ya kuvuka, na kuna nyumba zimekata tamaa hapo, kabla hata ya kufika kwenye pesa. La mwisho nauliza, kadi hiyo inapokelewa wapi unaposhuka kwenye boti? Sio Dar. Hapo unaposhuka.

Swali hilo la mwisho si dogo. Machi 2024 hospitali kadhaa kubwa binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF kwa sababu ya ugomvi wa bei mpya. Watu wa Dar waliokuwa na kadi safi, iliyolipiwa, waliambiwa warudi nyumbani. Ndipo wengi walipofahamu kwamba kadi ni mkataba wa watu wawili wengine, wewe umeishikilia tu.

Nilikuwa namweleza bibi yangu haya yote kisiwani, kwa mpangilio, kama ninavyofundishwa kuandaa andalio la somo. Bibi kwa umri wake anaangukia kwenye msamaha, lakini alikuwa anauliza kwa ajili ya nyumba nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, umesema vizuri. Sasa hiyo kadi yenu inajua kuogelea?"

Mjomba akacheka. Mimi sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo nimeacha kuamini maelezo ya kawaida kuhusu kwa nini watu wa visiwani hawajiungi na bima.

Maelezo ya kawaida ni haya: wananchi hawana uelewa, elimu itolewe. Utayasikia kwenye semina, kwenye redio, kwenye hotuba za wageni rasmi. Sisi wa ualimu ndio wagonjwa wakubwa wa sentensi hii. Kila tatizo la nchi tunaliandikia insha inayoishia "jamii ielimishwe". Nikuulize mwenzangu, mvuvi anayejua kuhesabu bamvua na maji mafu kwa kidole, anayejua bei ya pweza Masoko na bei ya pweza Dar, anayegawa mapato ya chombo kati ya mwenye mashine, nahodha na mabaharia bila kalamu, huyu ameshindwa kuelewa bima? Ameielewa. Amepiga hesabu na hesabu imemkatalia.

Hesabu yenyewe ni hii. Mgonjwa haendi peke yake, anakwenda na wa kumshika, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi. Ukishuka kuna bajaji au bodaboda, na ukipewa rufaa kuna gari mpaka Kivinje au Lindi. Kuna kula na kuna kulala, kwa sababu boti haikusubiri umalize vipimo. Kuna siku mbili tatu ambazo nyavu hazikuingia majini. Na kama dawa iliyoandikwa haipo dirishani, kuna duka la dawa muhimu ambalo linataka pesa taslimu. Hapo ni safari ya mchana, ya chombo cha abiria. Ikiwa ni usiku, unakodi boti peke yako. Petroli kwenye miaka hii imekuwa ikicheza karibu na Sh 3,000 kwa lita, na mashine ya boti haijui kulamba, inakunywa. Lita 10 tu zimemeza michango yote ya CHF ya kaya ya watu sita kwa mwaka mzima, na hujamlipa nahodha, na hujarudi.

Kwa hiyo mvuvi anapoambiwa alipe 30,000 ili apunguziwe gharama ya kumwona tabibu, anaona anapunguziwa ile sehemu ndogo ya gharama. Kubwa imebaki kwake. Mimi nikiwa yeye ningeweka hiyo 30,000 kwenye dumu la petroli. Ndiyo bima yake.

Kuna ugonjwa mmoja unaonyesha hili wazi kuliko yote, nao hatupendi kuutaja mbele za watu: busha. Mwambao wetu wa Lindi ni moja ya sehemu zinazojulikana kwa matende na mabusha, yanayoletwa na minyoo ya mbu. Upasuaji wa busha si wa ajabu, unafanyika, na Serikali imewahi kuendesha kambi za upasuaji huo katika mikoa ya pwani. Lakini unahitaji mpasuaji na kitanda, na baadaye siku za kupumzika bila kuvuta kamba. Mtu wa Lindi mjini akijipa moyo, asubuhi anakwenda Sokoine. Mtu wa kisiwani inabidi kwanza akae kwenye mashua mchana kweupe na wanawake wa kijiji na watoto wa shule, na kila mmoja amuulize, "Unakwenda wapi leo, baba?" Kisha apate mtu wa kumsindikiza, na wa kumlishia nyumba wiki mbili. Anaghairi. Anaghairi miaka kumi. Hapo tatizo si kifurushi gani kinalipia upasuaji.

Watu wa bara walionjeshwa maisha haya kidogo Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipopiga mwambao, mvua ikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, wilayani kwetu. Mabasi yalikwama, malori ya mafuta yalikwama, wagonjwa waliokuwa na barua za rufaa kwenda Dar walikwama na barua zao mkononi. Kwa siku zile mkoa mzima uligeuka kisiwa. Nchi nzima ilizungumza, viongozi walikuja, mitambo ilikesha, njia ikafunguliwa. Ilikuwa sawasawa kufanya vile. Ninachouliza ni kwa nini njia ya maji inapokatika, na inakatika kila kusi, inaitwa hali ya hewa tu.

Najua nitajibiwa kwamba bima hailipi usafiri, bima inalipa matibabu. Na kwamba mifuko yenyewe inachechemea. Ripoti za CAG zimeshaonyesha NHIF ikitumia zaidi ya inachokusanya, sasa unataka ibebe na petroli? Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Lakini mgonjwa aliyecheleweshwa na nauli hapotei kwenye hesabu za mfuko. Anakuja baadaye, amezidiwa, na safari hii hatoshi Kinyonga, anapelekwa Sokoine au Muhimbili, akae wodini wiki tatu. Kidonda cha sukari kilichoonwa mapema ni bandeji na dawa. Kikionwa baada ya kusi kuisha ni mguu. Mfuko unalipa mguu.

Tena usafiri unalipika, na hapa Tanzania tumeshaona unavyolipwa. Upo mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kutangazwa kuwa wa taifa mwaka 2022. Mjamzito au mtoto mchanga akiwa kwenye hatari, simu inapigwa 115 bila malipo. Anayepokea anaangalia gari la wagonjwa liko wapi, na kama halipo anampigia dereva wa kawaida wa jirani aliyeandikishwa mapema. Dereva anampeleka mgonjwa, analipwa kwa simu. Hakuna aliyejenga kiwanda cha magari. Walichofanya ni kukubali kwamba teksi ya kijijini ni sehemu ya hospitali, na kuilipa.

Nahodha naye aandikishwe hivyohivyo. Kila kisiwa kina watu wawili watatu wenye mashine nzima na akili timamu ya bahari, kijiji kizima kinawajua. Waandikishwe, wapewe maboya ya kujiokolea na taa, bei ikubaliwe mchana kabla mtu hajaumwa usiku, walipwe siku hiyohiyo. Na isiwe kwa wajawazito peke yao. Mzee aliyepooza upande mmoja saa nane za usiku naye hana muda wa kusubiri mashua ya abiria.

Pesa itoke wapi? Kwa Kilwa nina jibu ambalo wengine hawatalipenda. Halmashauri yetu inapata ushuru wa huduma kutokana na gesi ya Songosongo. Gesi hiyo inasafiri zaidi ya kilomita 200 kwa bomba mpaka Dar, inawasha taa za majumba na mashine za hospitali za huko. Bomba limepita chini ya bahari ileile ambayo mama mwenye mimba anaivuka kwa mashua. Sisemi ushuru wote uende kwenye boti. Kuna shule, kuna maji, nayo ni madai ya haki. Nasema fungu moja linaloeleweka, lililoandikwa kwa jina, liwe la kuvusha wagonjwa wa visiwani, na matumizi yake yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji kila miezi mitatu.

Halafu upande wa pili: badala ya kumvusha mgonjwa kila mara, mvushe daktari. Tangu 2024 Serikali imekuwa ikipeleka kambi za madaktari bingwa kwenye halmashauri zote, na watu wengi wamepona kupitia hizo. Nazipongeza bila kinyongo. Lakini bingwa anapokaa hospitali ya wilaya kwa siku chache, kwa mtu wa Songosongo bado yuko ng'ambo, na gari la matangazo halitembei juu ya maji. Wenzetu wa Lamu, Kenya, walishalifikiria hili. Kuna kikundi kinaitwa Safari Doctors, kilichoanzishwa na Umra Omar, kinachozunguka vijiji vya visiwa vya Lamu na wauguzi na dawa kwa chombo cha baharini. Hapa kwetu, Ziwa Victoria lina meli ya tiba, Jubilee Hope, inayotembelea visiwa. Sisi wa Bahari ya Hindi, tulioanza kujenga majahazi kabla watu hawajajua Kilwa itakuja kuwa magofu, hatuna sababu ya kushindwa chombo kimoja cha kliniki kwa mwezi.

Ila atakayepanga ratiba hiyo asipangie ofisini. Akiweka siku ya kliniki wakati wa bamvua atakuta kijiji kitupu, akina mama wote wako miambani wanachokoa pweza au wako kwenye kamba za mwani, kwa sababu bamvua ndiyo siku yao ya mshahara. Kliniki iwe maji mafu. Na bima nayo ikusanywe kwa kufuata maji: mwandikishaji aje bamvua inapoisha, watu wanapokuwa na chochote mkononi, akubali walipe kwa mafungu matatu. Kwa upande wa bara ya Kilwa, ambako ufuta unauzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani katikati ya mwaka, mwandikishaji aje wiki malipo yanapoingia, si Februari. Lakini ajiunge anayetaka kwa mkono wake. Wakulima wameshachoka kukuta makato ambayo hawakuyaongea.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Inataka kila mkazi awe na bima, na kwa maoni yangu ni sheria nzuri. Nchi ambayo mtu anauza shamba ili afanyiwe upasuaji haiwezi kusema imetulia. Majina ya vifurushi yatabadilika, bei zitabadilika, na ikibidi hata CHF tuliyoizoea itaondoka. Lakini kumlazimisha mtu kulipia huduma kunampa haki ya kuidai pale alipo. Ukinilazimisha kununua tiketi ya basi, basi lije kijijini kwangu. Hilo ndilo ningependa kulisikia kwenye kanuni na miongozo: kisiwa kitambuliwe kwa jina lake, na gharama ya kuvuka iingizwe kwenye kitita cha huduma pamoja na vipimo na dawa.

Nirudi kwetu sisi wa ualimu, kwa sababu wengine mnasoma hapa mkijisemea kwamba Kilwa haiwahusu. Itakuhusu siku orodha ya ajira itakapotoka na jina lako likaangukia shule ya kisiwani. Asilimia 3 yako itakatwa mwezi wa kwanza, kama ya mwalimu wa Kinondoni. Mwanao akipata homa isiyoeleweka, utaomba ruhusa, utavuka, utapima, utalala, utarudi kesho kutwa kama bahari imekubali. Siku tatu hizo darasa la tatu linakaa bila mwalimu, na kama shule ina walimu wanne, robo ya shule imefungwa. Halafu mwisho wa mwaka matokeo yakiwa mabaya tutaambiwa watoto wa visiwani hawapendi shule. Walimu wanaoomba uhamisho kutoka visiwani tunawaita wavivu au wapenda mjini. Wengi niliowasikia mimi hawakulalamikia giza wala chumvi. Walilalamikia usiku mmoja ambao mtoto aliumwa.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa wizara ya afya ya serikali yetu ya wanafunzi. Chuo chetu kinatoa wanafunzi kwenda mazoezi ya ufundishaji kila mwaka, na kabla hatujaondoka tunapewa fomu, barua na kitabu cha tathmini. Tupewe na ukurasa mmoja zaidi wa kujaza kwa kila shule inayofikika kwa maji: kituo cha tiba cha karibu kiko wapi, kinapokea kadi gani, nani anavusha wagonjwa usiku na kwa bei gani, boti ya mwisho inaondoka saa ngapi. Sisi tutakuwa huko wiki kadhaa, tunaweza kuuliza. Ombi la pili, kurasa hizo zikirudi zisiishie kwenye kabati la idara. Zichapwe humu humu kwenye jarida, kisiwa kwa kisiwa, na nakala ipelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya husika kabla bajeti za halmashauri hazijafungwa. Kwa Kilwa niko tayari kuanza kujaza mimi mwenyewe likizo hii. Namba ya nahodha wa kwanza ninayo tayari, ni mjomba.